Kisahani Kisichoota Kitu

Kutoka Njombe mpaka Moshi tulitumia siku nne, safari ambayo lori zima huimaliza kwa mbili. Tulikuwa tumebeba viazi mviringo, magunia ya lumbesa yaliyopangwa kupita kichwa cha gari, na mimi nilikuwa utingo. Makambako tulipata pancha mbili. Iringa dereva aliumwa tumbo tukalala. Kitonga tulishuka kwa gia nzito, mimi nimepakata kigingi cha mti, tayari kuruka na kukisukuma chini ya tairi kama breki zingekataa. Baada ya Chalinze tuligeuka kaskazini na nikaacha kuuliza tumefika wapi. Mkonge, mkonge tena, kisha vumbi la Same, na milima ya Upare upande wa kulia ambayo ilikuwa haiishi.

Tulipokaribia Himo asubuhi, mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu mbele yetu. Nikamuuliza dereva mlima uko wapi.

"Umekaa hapo hapo mbele yako," alisema. "Una aibu tu."

Sikuuona siku hiyo wala kesho yake. Nilipouona, siku ya tatu, nilikuwa tayari nimepata kazi.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakata miwa Kilombero, nikachuma chai Mufindi, nikabeba korosho Mtwara. Kila mahali nilikaa mpaka muuza duka aliponizoea na kunipa ninachotaka kabla sijasema. Hapo nilikuwa naondoka. Sikuwa na sababu nyingine. Mama yangu alifariki nikiwa Kilombero, na nilifika nyumbani kaburi likiwa limeshaota majani. Tangu hapo hakukuwa na mtu wa kuniuliza nitarudi lini.

Kazi niliipatia sokoni. Tulikuwa tunashusha mzigo, akaja mama mmoja mwenye miwani na koti la kijani, akaanza kuchagua viazi kimoja kimoja. Alikinusa kila kimoja, akakigeuza, akakikwaruza kwa kucha.

"Mama, hivyo ni viazi, si mayai," nilimwambia.

"Watakaokula ni wachaguzi."

"Una wageni?"

"Nina ukungu."

Nilidhani ananitania. Nilimbebea nusu gunia mpaka kazini kwake, kwenye maabara ya hospitali, chumba cha mwisho nyuma ya jengo, dirisha likitazama migomba. Akanifungulia kabati lenye joto kidogo, na ndani yake kulikuwa na visahani vya kioo, vimefunikwa, vimepangwa kama sahani za karamu ya watoto. Ndani ya kila kisahani kulikuwa na kitu kinachoishi. Vingine vyeupe kama pamba, vingine vya rangi ya waridi, kimoja cha manjano chenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi.

"Hawa wote wametoka kwa watu," alisema. "Kucha, ngozi, makohozi. Mimi kazi yangu ni kujua kila mmoja ni nani."

Mwoshaji wake alikuwa amerudi kwao kulima, na yeye alikuwa na wiki mbili anaosha mwenyewe. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia.

"Unaweza kuosha vyombo bila kuvivunja?"

"Nilikuwa naosha vya mama yangu."

"Vya mama yako havikuwa na ugonjwa. Njoo kesho saa moja."

Lori liliondoka bila mimi. Dereva alinipigia honi mara tatu pale getini, nami nikampungia mkono kwa kitambaa cha kukaushia vioo. Yule mama, ambaye hapa nitamwita mtaalamu, hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Utingo mpaka mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jikoni. Nilimenya viazi, nikavichemsha, nikayachuja maji yake, nikayatia sukari na unga wa mwani unaogandisha, kisha nikayapika tena kwenye jiko la mvuke mpaka kusiwe na kitu hai ndani. Yakishapoa kidogo, mtaalamu aliyamimina kwenye visahani, taa ya spiriti ikiwaka pembeni, asiongee wala asipumue ovyo. Ndipo alipopanda juu yake kile kilichokwanguliwa kwa mgonjwa. Fangasi wa kawaida walionekana baada ya wiki. Lakini walikuwepo wengine, wale wanaokaa kwa mtu miaka kumi bila kumuua wala kumwachia, ambao hawakuwa na haraka. Hao walitaka wiki tatu, nne, hata sita. Mtaalamu aliwapenda hao kuliko wote. Alisema mtu akikuambia ana fangasi hajakuambia kitu, ni sawa na kusema ameumwa na mnyama.

Siku ya kwanza, mhudumu wa chumba cha jirani, aliyekuwa akimsaidia mwoshaji wa zamani, alinifundisha kanuni ya pale. Kila Ijumaa tulipitia kabati. Kisahani chenye ukungu mweusi kilitupwa, kwa sababu dirisha lilitazama migomba na nyuma ya migomba kulikuwa na majiko ya kuni ya wagonjwa, na masizi na ukungu wa majani makavu viliingia kila mlango ulipofunguliwa.

"Nyeupe ni ya mgonjwa," alisema. "Nyeusi ni ya kwenye migomba. Wewe tupa tu."

Nilitupa nyeusi kwa muda wa mwaka mzima na ushee, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mama wa Marangu alikuja mwezi wa kumi, mwisho wa kiangazi, siku ya mawingu. Alikuwa wa miaka sitini hivi, amevaa kitenge cha kanisani na soksi moja ndefu ya mwanawe ya kuchezea mpira, iliyovutwa mpaka gotini. Alipoishusha, nilijifanya natafuta kitu kabatini. Kuanzia kifundo cha mguu kupanda juu, ngozi ilikuwa imeota vinundu vilivyobanana kama kichwa cha koliflawa, vingine vikavu, vingine vinatoa maji. Alikuwa na ugonjwa huo miaka tisa. Alisema ulianza kwa mwiba. Ng'ombe wa kwao hawatoki zizini, huletewa chakula, na wakati wa ukame majani hayapatikani juu, kwa hiyo wanawake hushuka tambarare, chini kabisa ya Himo, kukata nyasi kwenye vichaka vya miiba. Mwiba ulimchoma kwenye muundi. Aliuchomoa akabeba mzigo wake akapanda nao nyumbani.

Miaka tisa aliambiwa mengi. Kifua kikuu cha ngozi. Fangasi, apake dawa ya mafuta. Jirani akasema ni mkono wa mtu. Sasa daktari wa upasuaji alisema inaelekea ni saratani. Kipande kilichopelekwa mbali kupimwa kilirudi na jibu lisiloeleweka, na kwa kuwa vinundu vilikuwa vinapanda, daktari alikuwa amempa tarehe ya kukatwa mguu chini ya goti: wiki ya kwanza ya Desemba.

"Desemba," alimwambia mtaalamu. "Watoto wote wanarudi Krismasi, kutoka Dar, kutoka Mwanza. Wanikute nimekaa kwenye kiti kama picha ya marehemu?"

Mtaalamu alimkwangua pembeni ya vinundu, akatazama kwenye hadubini, hakuona kitu cha kumshika mtu. Akapanda visahani vitatu. Mimi nilikuwa nachuja viazi, na yule mama akainua pua.

"Huyo anapika nini?"

"Chakula cha ugonjwa wako," mtaalamu alimjibu.

"Haa! Mimi nimetoka nyumbani na chai ya rangi, ugonjwa wangu unapikiwa viazi?" Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, utie na chumvi basi."

Alikuwa mtu wa kwanza kuniita hivyo baada ya miaka mingi. Nilirudi kwenye sufuria nikakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Ijumaa ya wiki ya tatu mtaalamu alikuwa kwenye msiba Rombo. Nilifanya usafi kama kawaida. Visahani vya mama wa Marangu vilikuwa vimeota, vyote vitatu, kitu kidogo chenye manyoya laini, rangi ya ganda la parachichi lililoiva kupita kiasi. Nyeusi. Nakumbuka nilisikitika. Nilijiambia, maskini, migomba imemharibia. Nikavitia kwenye jiko la mvuke, nikavipika, nikavisugua, nikavianika juani.

Jumatatu mtaalamu alifungua kabati, akasimama.

"Utingo. Vya mguu wa Marangu viko wapi?"

"Vilichafuka. Nyeusi."

"Kimoja?"

"Vyote vitatu."

Alivua miwani. "Ilikuwa imeota wapi? Pembeni, ovyo ovyo?"

Nilifikiri. Nikaona tena vile visahani. "Hapana. Katikati. Pale pale ulipopanda."

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu."

Alikaa kwenye kigoda. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Uchafu wa hewani," alisema taratibu, kama anayeongea na mtoto, "unaanguka unapotaka. Hauwezi kuja mara tatu ukakaa juu ya mstari wangu. Ulimwona mwenyewe aliyemla yule mama miaka tisa, ukamwosha kwa sabuni."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu kabla ya kisu. Ukungu ule ulihitaji karibu wiki tatu kuota. Hata tukianza upya siku ile ile, hautawahi. Na yule mama alikuwa amekwishasema hatashuka tena kukwanguliwa, maana jeraha la kwanza lilimlaza siku nne, na simu alipigiwa kupitia kwa jirani.

"Nitamfuata," nilisema. "Nitamwambia ni mimi, nimwombe ashuke utazame tena kwenye hadubini."

Mtaalamu alivaa miwani yake. Kisha akatoka nje, kwenye mpaka wa bustani ya hospitali ambako masale yalikuwa yamepandwa kama uzio, akakata isale moja, jani refu, akalifunga fundo.

"Wewe si wa huku, kwa hiyo sikiliza. Ukienda na maneno, atakusikiliza akitaka. Ukimpa hili kwa mikono miwili, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Hata kama umemuulia mtu."

Nilipanda Marangu mchana ule nikiwa nimeshika jani kama mtu aliyetoka kanisani Jumapili ya Matawi. Kila niliyemuuliza njia alilitazama jani kwanza, kisha uso wangu, akanielekeza kwa upole wa ajabu. Mmoja aliniambia, "Pole, mbe. Litaisha." Nyumba ilikuwa chini ya migomba na mibuni, maji ya mfongo yakipita nyuma ya jiko kwenye mfereji wao wa zamani. Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi anamenya ndizi, mguu ameunyoosha juu ya kigunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha akaliona isale. Kisu kikasimama. "Mungu wangu. Umefanya nini?"

Nilimpa kwa mikono miwili, nikamweleza. Sikuacha kitu. Nilimwambia na habari ya sabuni. Alilishika jani mapajani, akaligeuza geuza fundo.

"Nani amekufundisha kuja na hili?"

"Mtaalamu."

"Huyo mwanamke ni mwerevu. Amenifunga mdomo." Akavuta pumzi. "Ungekuja mikono mitupu, leo ungesikia. Ningekutukana mpaka mababu zako popote walipolala wangegeuka. Nina matusi mazuri ya Kichagga, hayana Kiswahili chake, na sasa nitayapeleka wapi?"

"Yaseme tu, mama."

"Siwezi! Si umeleta isale?" Akanirushia ndizi. "Menya. Na kesho nashuka. Lakini safari hii nitawaonyesha mimi pa kukwangua. Yule mtaalamu wako alikwangua pembeni kwa huruma. Panapowasha ni kwenye vidoti."

Alikuwa sahihi. Juu ya vinundu kulikuwa na vidoti vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu, na mtaalamu alipoviondoa kimoja kimoja kwa ncha ya wembe, mama wa watu akiwa ameng'ata ukingo wa khanga, akavilaza kwenye kioo na dawa ya kulainisha, hakutumia hata dakika tano. Aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini akaniita. "Tazama, Utingo. Usiguse chochote."

Nilitazama. Kulikuwa na vitu vya mviringo, vya kahawia inayong'aa, ganda nene, vingine vimepasuliwa katikati na mstari.

"Unaona nini?"

"Ulezi," nilisema. Sikuwa na neno lingine. Vilikuwa punje za ulezi kabisa, ule unaotiwa kwenye mbege, pombe yao ya ndizi.

"Niachieni na mimi nione," mama wa Marangu alisema. Aliruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye hadubini, akafumba jicho. Alikaa muda mrefu. "Miaka tisa nimepikia watu pombe mguuni," alisema.

Saratani haina punje kama zile. Mtaalamu aliandika karatasi, hakuituma, aliibeba mwenyewe mpaka kwa daktari wa upasuaji akasimama mlangoni mpaka ikasomwa. Daktari alikubali kungoja visahani vipya tulivyopanda siku ile. Sikuwepo, lakini aliporudi alikuwa anatembea kama mtu mwenye miaka ishirini.

Safari ile visahani vilipoota, nilivikalia kama kuku. Niliandika kwa kalamu nene kwenye mlango wa kabati: NYEUSI ISITUPWE. Vilipokomaa, mtaalamu alimchukua yule ukungu akamkuza upya kwenye kipande kidogo cha chakula juu ya kioo, akampaka rangi ya buluu, akatazama mbegu zake. Zilikuwa minyororo mirefu iliyogawanyika kama matawi. Alifungua vitabu siku tatu. Akalinganisha joto ambalo ukungu unalipenda, mwendo wa kukua, umbo la kila mnyororo. Mwisho akaandika jina: Cladophialophora. Lilinichukua wiki nzima kulitamka bila kujing'ata.

"Huyu hana habari na migomba," aliniambia. "Anakaa pakavu, kwenye miiba. Umetupa mtu wa tambarare ukimsingizia migomba."

Mama wa Marangu alipoambiwa alitikisa kichwa. "Jina refu hivyo, na nyumba yake ni muundi wangu?"

Krismasi ile watoto wake walimkuta amesimama. Mimi sikwenda. Niliogopa kuonekana nadai shukrani.

Dawa ilikuwa ya vidonge, ya miezi mingi, na kila mwezi mmoja ilibidi mtu auone mguu na kuupima. Mtaalamu alinipa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa na Jumamosi zangu na sikuwa na familia. Kila mwezi mmoja. Mimi nikaenda kila Jumamosi. Sikumwambia mtaalamu, na mama wa Marangu hakuniuliza kwa nini mwezi umekuwa mfupi.

Nilipanda na uzi mweupe mfukoni. Niliuzungusha kwenye ukingo wa kidonda, nikaukata, nikauweka kwenye bahasha. Hiyo ilichukua dakika tatu. Saa zilizobaki nilikata majani ya ng'ombe, nikazibua mfongo ulipoziba, nikageuza kahawa iliyoanikwa. Yeye alipika kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, akanilaumu kwamba nakula kama mgeni. Alinisimulia habari za marehemu mume wake, aliyekuwa akipanda mlimani na wazungu na kurudi akidai kule juu hakuna kitu. Nikisikia harufu ya moshi wa mibuni iliyokatwa, hata leo, hata hapa nilipo ambako watu hawajui kahawa ila ya kopo, mwili wangu unadhani ni Jumamosi.

Siku moja alinikuta nimelala usingizi kwenye benchi la jikoni mchana. Aliponiamsha alikuwa amenifunika blanketi la ng'ombe, lile la kumfunikia ndama akizaliwa kwenye baridi. "Halinuki sana," alisema. Lilinuka vibaya mno. Sikulitoa mpaka jua lilipogeuka.

Nyuzi zilifupika. Niliziweka kwenye bahasha moja, nikazipanga mezani kwangu Jumapili, ndefu, fupi kidogo, fupi zaidi. Vinundu vilikauka, vikaanguka, vikaacha ngozi nyororo yenye rangi mbili. Baada ya mwaka na miezi miwili mtaalamu akataka akwanguliwe mara ya mwisho. Hadubini haikuona ulezi. Akapanda visahani vitatu, akaandika juu yake WIKI SITA.

"Visipoota, amepona," alisema. "Tunamwachia."

Hizo wiki sita ndizo ninazotaka kuzisema kwa ukweli, kwa sababu sijawahi kuzisema kwa mtu. Kila asubuhi, kabla ya kuweka viazi jikoni, nilifungua kabati nikavitazama vile visahani. Wiki ya kwanza nilivitazama kwa hofu. Wiki ya pili pia. Wiki ya tatu vilikuwa vyeupe, vinang'aa, chakula kizuri ambacho hakuna aliyekila. Na wiki ya nne nilijikuta nimekiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha, nakizungusha, natafuta kidoti. Nilitafuta muda mrefu. Nilipokosa, kitu kifuani kilishuka, nikajua kuwa sikuwa natafuta kwa hofu tena. Nilikuwa natamani.

Kimoja tu. Kidogo kama ncha ya kalamu. Kisahani kimoja kati ya vitatu, na vidonge vingeendelea miezi sita mingine, na uzi, na kiburu, na "unakula kama mgeni".

Nilikirudisha. Nikaenda kunawa mikono ingawa sikuwa nimegusa kitu.

Mtaalamu aliniona. Wiki ya tano alinikuta pale pale tena, mlango wa kabati wazi, joto linatoka.

"Utingo, huyo mama hakukuajiri."

"Najua."

"Unaweza kwenda kumsalimia mtu asiye mgonjwa. Watu wanafanya hivyo."

"Nitasema nimefuata nini?"

"Utasema shikamoo."

Alikuwa sahihi, na ni jambo jepesi sana. Mtu mwingine yeyote angeliweza. Lakini mimi sikujua namna ya kwenda kwa watu bila mzigo wa kushusha, na zaidi ya hapo nilikuwa nimeshajiona nikiwa nimeinua kioo kwenye mwanga, namwombea mtu aliyenifunika blanketi arudiwe na ugonjwa. Nilifikiri akinitazama ataona. Siku hizo hizo mwenye kibanda cha chai karibu na hospitali alianza kunimiminia chai yangu aliponiona mbali, sukari vijiko vitatu, bila kuniuliza.

Wiki ya sita ilipoisha mtaalamu aliandika: hakuna kilichoota. Alinipa karatasi nipeleke. Nikampa mkono, nikamwambia siji Jumatatu. Akaniambia nisisahau kunywa maji njiani.

Nilipanda Marangu Jumamosi ile na begi langu. Mama alikuwa ameanika nguo. Nilimsomea karatasi, akaniambia nisome tena, nikasoma tena, naye akapiga vigelegele mpaka jirani akatokea kwenye mibuni kuuliza nani kaoa. Tulikula. Hakuliuliza begi. Lilikuwa mlangoni, tulilipita mara nne, mara moja alilisogeza ili kuku asilichafue.

Nilipoaga alisema atanitoa mpaka barabarani. Nilimwambia barabara ni mbali, ni mteremko. Alikwishavaa viatu. Viatu vyote viwili, vya kufunga kamba, ambavyo sikuwahi kumwona navyo. Alitangulia mbele kwenye njia nyembamba, bila fimbo, haraka kuliko mimi mwenye begi, akisalimia kila ua tulilopita na kumwonyesha kila mtu karatasi yake.

Barabarani tulisimama kungoja gari la Himo. Mawingu yalikuwa chini.

"Safari ndefu?" aliuliza, akitazama upande mwingine.

"Ndefu kidogo."

"Utarudi lini?"

Nilikuwa sijaulizwa swali hilo tangu Kilombero. Nilisema mavuno ya kahawa. Tulijua wote wawili.

Akakunja karatasi mara mbili, akaitia kifuani mwa gauni, akalivuta juu kidogo akautazama muundi wake, ile ngozi yenye rangi mbili.

"Ningejua," alisema, "ningekuwa nameza vidonge nusu nusu."

Alisema kwa mzaha, na mdomo wake ulicheka. Nilitaka kumwambia kuhusu kisahani. Gari likaja, kondakta akachukua begi, nikapanda. Hakungoja liondoke. Aligeuka akaanza kuupanda mteremko, na nilimtazama kwenye kioo cha nyuma, mguu huu na mguu ule, mpaka migomba ilipomfunika.